Kituo Kisichokuwako: Jinsi Amplifaya Inavyozua Mawimbi, na Namna ya Kuizuia

Msikilizaji mwenye redio ya mawimbi ya kati, akaaye karibu na milingoti mikubwa ya kurushia matangazo, huenda akakutana na jambo la ajabu. Azungusha kifundo cha kutafutia vituo, afika mahali ambapo kwa desturi husikia kituo cha mbali akipendacho, na hapo asikia watu wawili wakisema kwa pamoja: mmoja asoma habari, wa pili aimba. Wote wawili awajua, maana ni wa vituo viwili vya karibu naye. Lakini hapa si mahali pao. Ageuza kifundo kidogo, nao watoweka wote wawili kwa mara moja, kana kwamba walikuwa mtu mmoja.

Hakuna mtambo wowote duniani uliorusha wimbi lile. Limezaliwa ndani ya redio yenyewe. Mafundi huliita jambo hili intamodulesheni, nasi katika maelezo haya tutayaita mawimbi hayo mawimbi ya uzushi, kwa kuwa ndivyo yalivyo: ni habari iliyozuliwa na mjumbe aliyetumwa kupeleka habari za watu wengine.

Mjumbe huyo ni amplifaya. Wimbi linaloingia katika waya wa eriali ni dhaifu mno, haliwezi kutikisa hata utando wa buibui. Kazi ya amplifaya ni kulipokea na kulitoa likiwa kubwa, mara mia au mara elfu, bila ya kuligeuza umbo. Hapo zamani kazi hii ilifanywa na valvu za kioo zenye kuwaka kama taa. Siku hizi hufanywa na transista. Chombo kimebadilika, lakini udhaifu wake umebaki ule ule, nao ndio tutakaoueleza.

Tutazame mizani ya springi, kama ile inayotundikwa mahali pa kununulia pamba. Weka kilo 10, mshale washuka alama 10. Weka 20, washuka 20. Weka 30, washuka 30. Mizani hiyo ni ya haki. Lakini kila springi ina mwisho wa uvumilivu wake. Tuseme ukiweka kilo 50, mshale waonyesha 46 tu. Sasa waje wakulima wawili, mmoja na kilo 30, wa pili na kilo 20. Kila mmoja akipima peke yake, hesabu yake ni sawa. Wakitundika mizigo yao pamoja, kilo 4 zapotea. Je, ni kilo za nani? Si za wa kwanza, wala si za wa pili. Ni kosa lililozaliwa kwa kuwa wawili hao wamekutana juu ya mizani isiyonyoka.

Wanafunzi waliokwisha kujifunza hesabu za kipeo cha pili watalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Kipeo cha pili cha 3 ni 9, na cha 4 ni 16. Jumla yake 25. Lakini 3 na 4 zikijumlishwa kwanza huwa 7, na kipeo cha pili cha 7 ni 49. Zimezidi 24. Hizo 24 hazikutoka katika 3 peke yake wala katika 4 peke yake, bali ni mara mbili ya 3 kuzidishwa kwa 4. Amplifaya isiyonyoka hufanya hesabu ya namna hii, kidogo kidogo, juu ya kila kitu kipitacho ndani yake. Na pale vitu viwili vikutanapo, huongeza cha tatu.

Tofauti ni kwamba mzigo wa pamba hutulia, lakini wimbi la redio halitulii. Lasukuma na kuvuta mara laki nyingi kwa sekunde moja. Kwa hiyo kosa nalo laja na kutoweka mara laki nyingi kwa sekunde, kwa mwendo wake lenyewe; na kitu chochote cha umeme kiendacho na kurudi kwa mwendo wake chenyewe ni wimbi. Hivyo ndivyo kosa la mizani linavyogeuka kuwa kituo.

Mwendo wa wimbi hilo wahesabika barabara. Tuseme kituo kimoja chatumia kilohezi 702, yaani mitetemo 702,000 kwa sekunde, na cha pili chatumia kilohezi 765. Kosa la namna ya kwanza, lile la kipeo cha pili, huzaa mawimbi kwenye jumla na kwenye tofauti: 1467 na 63. Haya yako mbali na wazazi wake, na kuyazuia si kazi kubwa. Kosa la namna ya pili, la kipeo cha tatu, ndilo lenye hila. Huchukua wimbi moja mara mbili na kuondoa la pili mara moja. Mara mbili ya 765 ni 1530; toa 702, yabaki 828. Mara mbili ya 702 ni 1404. Toa 765, yabaki 639. Tazama yalipoangukia: moja juu kidogo ya wazazi, jingine chini kidogo, kwa umbali ule ule wa 63 unaowatenga wazazi wenyewe.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kwa mapatano yaliyofanywa Geneva mwaka 1975, vituo vya mawimbi ya kati katika Afrika, Ulaya na Asia vimepangwa kwa nafasi ya kilohezi 9 kati ya kimoja na kingine, kama mahindi yaliyopandwa kwa mistari. Utaratibu huu ni mzuri. Lakini kwa sababu wazazi wako kwenye mistari, watoto wao wa uzushi nao huangukia kwenye mistari ile ile. 828 si mahali patupu pa katikati. Ni nafasi halali ya kituo, na huenda ndicho kituo ulichokuwa ukikitafuta.

Hapa msikilizaji mwerevu atauliza: Si redio ina chujio? Ndiyo, inalo. Lakini chungio hutenganisha unga na chenga. Haliwezi kutenganisha unga na unga. Wimbi la uzushi likiisha kuzaliwa kwenye 828, na kituo cha kweli kiko kwenye 828, hakuna ufundi wowote wa kuchuja utakaoyatenga. Hakuna budi kulizuia lisizaliwe.

Mtu asidhani kwamba hasara yake ni kuharibikiwa na nyimbo tu. Vituo vya FM hutumia nafasi zinazofika megahezi 108. Na kuanzia hapo hapo, bila ya ukingo, huanza nafasi za ndege. Kati ya megahezi 108 na 112 mna mawimbi yanayomwonyesha rubani mstari wa katikati wa njia ya kutulia, hasa wakati wa mawingu na mvua ambapo haoni ardhi. Tuseme karibu na kiwanja cha ndege kuna vituo viwili vya FM, kimoja cha 107.1 na kingine cha 104.5. Mara mbili ya 107.1 ni 214.2, toa 104.5, yabaki 109.7. Nafasi hiyo ni mojawapo ya zile zilizowekwa kwa kazi ya kuongoza ndege zinazotua. Redio ya rubani ikiwa dhaifu, vituo viwili vya muziki vyaweza kukutana ndani yake na kuzua kitu juu ya mstari ule anaoutegemea kwa roho yake na za abiria wake. Kwa sababu hiyo shirika la kimataifa la usafiri wa anga liliweka sharti kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1998 redio za namna hii ziwe na uwezo uliopimwa wa kustahimili vituo vya FM.

Basi dawa ni zipi? Ya kwanza ni nyepesi kuielewa, nayo ni kutoilemea mizani. Kosa la kipeo cha tatu lina tabia moja iliyo kama zawadi kwa fundi: lashuka upesi kuliko wimbi la kweli. Punguza nguvu ya mawimbi yaingiayo, kwa kipimo cha volti, iwe nusu. Wimbi la kweli lapungua kuwa nusu, lakini wimbi la uzushi lapungua kuwa sehemu moja ya nane, kwa kuwa nusu ya nusu ya nusu ni moja ya nane. Ukipunguza hata kuwa moja ya kumi, la uzushi lashuka kuwa moja ya elfu. Kwa hiyo watengenezaji wa mitambo mizuri huchagua amplifaya kubwa kupita mahitaji, wakaitumia kwa sehemu ndogo ya nguvu zake. Ni sawa na kununua mizani ya kilo 200 ili kupima mizigo ya kilo 50. Ubaya wake ni gharama: amplifaya kubwa inayofanya kazi ndogo hula umeme mwingi na kuugeuza kuwa joto bure.

Tabia hii humpa hata msikilizaji wa nyumbani kipimo kizuri. Ukishuku kwamba kituo fulani ni cha uzushi, fupisha eriali, au itoe kabisa. Kituo cha kweli kitapungua kidogo. Kile cha uzushi, kama kimezaliwa ndani ya redio yako, kitaanguka ghafula na pengine kutosikika kabisa. Watu wengi wasiposikia vizuri hurefusha waya, wakiupandisha hata juu ya mnazi. Karibu na mitambo mikubwa, kufanya hivyo ni kuongeza ugonjwa.

Dawa ya pili ni kuwazuia wageni mlangoni. Chujio lisiloweza kufanya lolote baada ya wimbi la uzushi kuzaliwa, laweza kufanya mengi likiwekwa kabla ya amplifaya ya kwanza. Ukitaka 828, zuia 702 na 765 zisiingie, au moja yao tu, nao hawatakutana. Dawa ya tatu ni kutumia valvu au transista mbili zifanyazo kazi kwa zamu, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Hiyo hufuta makosa ya kipeo cha pili, yale ya 63 na 1467, kwa kuwa kosa la mmoja hupingana na la mwenziwe. Ni dawa nzuri, ila haigusi 828 hata kidogo.

Dawa iliyo kuu kuliko hizo ilitafutwa Marekani na mtu mmoja, naye hakuitafuta kwa ajili ya redio bali kwa ajili ya simu. Bwana Harold Black alianza kazi katika kampuni ya Western Electric mwaka 1921. Wakati huo mafundi walikuwa wamekwisha kugundua namna ya kupitisha mazungumzo kadhaa katika waya mmoja, kila moja juu ya wimbi lake, kama vile vituo vya redio vinavyoshiriki hewa moja. Lakini nchi ile ni pana, na sauti hufifia njiani. Ilipasa kuweka amplifaya nyingi, moja baada ya nyingine. Kila moja ilitia kosa lake dogo, na makosa yakarundikana, hata maneno ya mazungumzo haya yakavuja na kuingia katika mazungumzo yale. Wengi walijitahidi kutengeneza valvu iliyonyoka zaidi. Black naye alijitahidi hivyo, akaona haitoshi.

Mwaka 1923 alimsikiliza mwanachuoni mashuhuri wa umeme, Charles Steinmetz, akitoa hotuba, akapendezwa na jinsi alivyolifikia shina la kila swali. Aliporudi nyumbani aligeuza swali lake mwenyewe. Akasema, haidhuru amplifaya iwe na kosa. Kitokacho ndani yake ni vitu viwili, kile tukitakacho na kile tusichokitaka. Je, twaweza kukitoa kile tusichokitaka? Akapata njia. Chukua sehemu ndogo ya kitokacho, uipunguze hata ilingane na kile kilichoingia. Kisha toa kilichoingia. Kitu kitakachobaki ni kosa tupu, halina kingine ndani yake. Sasa likuze kosa hilo kwa amplifaya ya pili, uliondoe katika kile kitokacho. Twapenda msomaji asimame hapa kidogo, maana wazo hili ni zuri mno: amplifaya yalazimishwa kukiri kosa lake, na kosa lenyewe latumika kujifuta.

Black aliijenga, nayo ikafanya kazi, lakini kwa taabu. Kutoa kitu katika kitu kwahitaji vipimo vilingane barabara, na valvu za siku zile zilibadilika kila mara. Ilibidi kila saa, usiku na mchana, mtu aende kurekebisha umeme uliozipasha moto. Hati ya uvumbuzi alipewa mwaka 1928, lakini chombo hakikufaa kwa njia ndefu ya simu.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 alikuwa akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini New York, ndipo lilipomjia wazo la pili. Hakuwa na karatasi, akachora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Wazo lilikuwa hili: rudisha sehemu ya kitokacho hata mlangoni, ikiwa imegeuzwa juu chini, ili ipinge kile kiingiacho. Hapo amplifaya yajilinganisha yenyewe kila dakika na kila sehemu ya dakika, ikizidisha, yazuiwa, ikipunguza, yaachiwa. Amplifaya iliyoweza kukuza mara 100,000 huachwa ikuze mara 100 tu, na kwa malipo hayo makosa yake hupungua kwa kadiri ya mara 1,000. Tarehe 29 Desemba mwaka ule ule Black na wenzake walipima amplifaya iliyofanywa hivyo, wakaona upotovu umepungua mara 100,000.

Watu hawakumwamini upesi. Kukuza mara elfu mia kulipatikana kwa jasho na gharama. Huyu ataka kukutupa! Aliomba hati mwaka 1928, akaipata mwaka 1937, baada ya miaka tisa. Alisimulia baadaye kwamba ofisi ya Uingereza ililitazama ombi lake kama la mtu anayedai kuunda mashine isiyosimama milele. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1930, makumi ya amplifaya zake yalikwisha kujaribiwa kwenye waya wa simu huko Morristown katika New Jersey, na mazungumzo yakapita safi.

Mtu atasema, basi turudishe wimbi mlangoni katika kila amplifaya ya redio, tumalize shida. Haiwezekani kila mahali. Kurudisha kwachukua muda. Kwa sauti ya simu muda huo si kitu. Lakini wimbi la megahezi 100 humaliza mtetemo mmoja katika muda ambao nuru husafiri meta 3 tu. Njia ya kurudi ikichelewesha kwa kadiri ya meta moja na nusu, kile kilichotumwa kupinga chafika wakati wa kuunga mkono, na amplifaya yaanza kulia yenyewe. Harry Nyquist alieleza mwaka 1932 kanuni ya kujua ni lini italia na ni lini itatulia. Kwa mitetemo ya juu sana kanuni hiyo hufunga mlango.

Ndipo wazo la kwanza la Black, lililoachwa kwa sababu ya valvu zisizotulia, likafufuka. Katika miaka ya 1990 minara ya simu za mkononi ilihitaji amplifaya moja ipitishe mawimbi mengi kwa pamoja, kwa mitetemo ya juu mno. Na transista zilizotulia, pamoja na vyombo vya kujirekebisha, zikafanya kazi ile iliyomlazimu mtu kuamka kila saa. Baada yake ikaja njia nyingine, nayo sasa yatumika sana katika minara hiyo. Turudi kwenye mizani. Mwenye mizani akijua kwamba kilo 50 huonyesha 46, aweza kuongeza kitu kidogo kabla ya kutundika, ili mshale usimame kwenye 50. Mashine ndogo ya hesabu hupima jinsi amplifaya inavyopinda, kisha hulipinda wimbi kwa upande wa pili kabla halijaingia. Pindo kwa pindo hufutana. Amplifaya ikipata moto na kubadilika, mashine hupima tena, ikabadili pindo lake.

Limebaki jambo moja, linalowahusu wenye nyumba. Yawezekana umefupisha eriali kama tulivyoeleza, na kile kituo cha uzushi kikapungua sawasawa na vituo vingine, hakikuanguka ghafula. Hiyo ni alama kwamba hakikuzaliwa ndani ya redio. Karibu na mtambo wenye nguvu, mahali palipo na kutu kati ya vipande viwili vya chuma paweza kufanya kazi kama valvu mbovu: mabati ya paa yanayogusana kwa kutu, waya za ua zilizosokotwa, boliti za mlingoti. Mawimbi mawili hukutana katika kutu ile, yakazaa la tatu, na bati lenyewe hulirusha kama eriali. Mara nyingi hubadilika mvua inaponyesha au upepo unapolitikisa paa. Kwanza hamisha redio hata nyumba ya jirani uone kama kituo kile chafifia. Kikififia, tafuta palipolegea, piga msasa hata chuma king'ae, kisha kaza misumari au weka kipande cha mpira ili bati lisigusane na bati.